Zimwi la Bibi na Kijana Asiye na Jina

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni kijana wa miaka 22. Nilizaliwa Tanga, nikaletwa London nikiwa na miaka saba, na sasa naishi Woolwich na mama yangu. Siku za kazi nabeba boksi ghalani. Jioni na Jumamosi najifunza kuigiza. Kwa miaka miwili nimepata kazi tatu za kulipwa kwenye tamthilia za televisheni. Zote tatu sikuwa na jina. Kwenye mswada niliandikwa "Kijana wa Pili", kisha "Muuza Unga", kisha "Kijana Mwenye Kisu".*

*Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniponza. Namchoma kisu mvulana kwenye ngazi za ghorofa. Tukio lenyewe halifiki sekunde kumi. Binamu yangu kwa furaha zake akakikata kile kipande, akakitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kikamfikia bibi yangu Ngamiani, Tanga, yeye aliyenilea mpaka siku ya safari. Akamtumia mama ujumbe wa sauti: "Mimi sikulea muuaji. Mwambie asinipigie." Hii ni wiki ya nne hapokei simu yangu.*

*Juzi wakala wangu amenitafuta. Kuna usaili wa kiongozi wa genge, atakayeonekana katika sehemu nne, na pesa yake ingemsaidia mama kodi ya miezi kadhaa. Rafiki zangu wanasema Daniel Kaluuya naye alicheza jambazi na leo ana Oscar. Mama anasema Kaluuya alipewa Oscar kwa kucheza shujaa, si mhuni. Nani mkweli? Niende au nikatae? Na bibi nimwambie nini?*

*Asiye na Jina, Woolwich*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale bibi anaposema usimpigie. Basi tuanzie kwake.

Usidhani bibi hajui kwamba filamu ni mchezo. Anajua sana, na mbele nitakuonyesha kuwa anajua kukupita. Lakini tazama alipokaa. Kwa miaka 15 London yake yote imepitia kwenye simu, na miongoni mwa yale ambayo simu humletea ni habari za vijana wetu kuchomana visu. Mimi nimekaa mji huu muda wa kutosha kuzika watoto wa namna hiyo, na nimewaona mama zao wakishikiliwa huku na huku ili waweze kuteremka ngazi. Bibi alipoona uso aliokuwa akiunawisha kila asubuhi umesimama ngazini na kisu, alihisi kwamba habari aliyoiogopa miaka yote imefika. Ile sauti kali uliyoisikia ni hofu. Mtu aliyekuchoka hasemi asipigiwe simu. Huacha simu ikalia tu, bila hata kutuma neno.

Sasa tuje kwa Kaluuya, kwa sababu nyumba yenu yote imemfanya shahidi, kila upande ukimvutia kwake.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam tulifunzwa sinema kwenye vibanda umiza. Tulikaa kwenye mabenchi, joto kali, televisheni moja, na juu ya picha sauti ya marehemu Lufufu akitutafsiria kila kitu. Pale palikuwa na watu wawili tu: steringi na adui. Steringi hafi. Adui ni mbaya tangu anapotokea mpaka anapouawa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama yako na rafiki zako wanabishana kwa lugha ya kibanda umiza: mmoja anasema Kaluuya alishinda kwa kuwa steringi, wengine wanasema alipanda kwa kuwa adui. Ukizipanga kazi zake mezani utaona hazimo katika mafungu hayo mawili.

Alizaliwa London mwaka 1989, wazazi wake Waganda. Alilelewa na mama yake pamoja na dada yake katika nyumba za kaunsili huko Camden, kama wanavyolelewa watoto wetu wengi. Watu wengi wa nyumbani walimwona kwanza bila kumjua: yule ajenti kijana, Tucker, anayehangaika na Rowan Atkinson katika *Johnny English Reborn* ya mwaka 2011. Watoto walicheka, wakageuka, hakuna aliyeuliza jina lake. Mwaka huohuo wa 2011 aliigiza katika kisa kimoja cha *Black Mirror*, kijana anayekanyaga baiskeli kutwa ndani ya ulimwengu wa skrini, mpaka anasimama jukwaani na kumwaga uchungu wake wote. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya mwongozaji Jordan Peele amtafute.

Peele akampa Chris katika *Get Out*, mwaka 2017. Naamini umeiona. Kijana mpiga picha anakwenda kuwasalimu wakwe wazungu; mama wa msichana anakizungusha kijiko kwenye kikombe cha chai, na kijana anazama. Uso hausogei. Macho yanafunguka, machozi yanatelemka, mwili umekufa ganzi naye yu hai ndani yake. Sisi watu wa chai, baada ya filamu ile, sauti ya kijiko kwenye kikombe haijawa ileile. Filamu iligharimu takriban dola milioni 4.5 na ikaingiza zaidi ya milioni 250, na Kaluuya akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Alicheza mtu anayetendewa ubaya.

Mwaka uliofuata, 2018, alitokea katika filamu mbili. Katika *Black Panther* ni W'Kabi, rafiki wa mfalme anayemgeukia mfalme wake. Kwa hesabu ya kibandani huyo ni msaliti, basi. Lakini filamu imekwisha kutueleza kwamba wazazi wake waliuawa, na muuaji amezunguka dunia kwa miaka bila kukamatwa. Anamfuata yule anayemletea maiti ya muuaji. Unaweza kumkasirikia, huwezi kusema hukumwelewa.

Ya pili ni *Widows* ya Steve McQueen, naye mzaliwa wa London, na hapa ndipo wanaposimama rafiki zako. Kaluuya ni Jatemme, mdogo wa mwanasiasa anayegombea kiti Chicago, na kazi yake ni kumtishia na kumuulia kaka yake. Kuna tukio ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu. Vijana wawili wamepoteza fedha. Jatemme anawaambia waendelee kughani mistari yao ya rapu. Anawasogelea, anawasogelea tena, mpaka uso wake unakaribia kugusa uso wa yule anayeghani, akimsikiliza kama shabiki. Kisha bunduki. Nililiona tukio hilo mara moja tu, na mpaka leo naweza kukuelekeza alivyosimama. Macho ni yaleyale yaliyolia katika *Get Out*, ila safari hii hayapepesi.

Kwa hiyo ni kweli, rafiki zako wamesema kweli: alicheza jambazi, na jambazi mbaya kuliko huyo wako wa ngazini. Lakini waulize: Jatemme ana jina? Analo. Ana kaka? Anaye, na kaka anataka heshima ya ofisi huku mdogo akibaki na damu mikononi. Ana jambo analolipenda? Muda huo aliowasikiliza wale vijana unatosha kukuonyesha kwamba anajua muziki. Ni mtu mbaya aliyejaa. Ukimtoa katika hadithi, hadithi inabaki na shimo.

Mama yako naye ni mkweli. Oscar ya mwaka 2021 Kaluuya aliipata kwa kumcheza Fred Hampton katika *Judas and the Black Messiah*, akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Hampton alikuwa kiongozi wa chama cha Black Panther huko Illinois, akauawa katika uvamizi wa polisi alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969. Alikuwa na miaka 21, mdogo kwako kwa mwaka mmoja. Mama anakumbuka hotuba zake mbele ya umati, na ana haki ya kuzikumbuka. Lakini filamu ileile inamwonyesha mtu huyo anayetikisa ukumbi akiona haya na kukosa maneno mbele ya msichana aliyempenda. Shujaa naye amejaa. Na kuna jambo ambalo mama huenda hakuliona: LaKeith Stanfield, aliyemcheza msaliti wa Hampton, aliteuliwa kuwania tuzo ileile, katika kundi lilelile. Waamuzi walitazama shujaa na msaliti wa filamu moja, wakaona watu wawili.

Huo ndio mzani ninaotaka uutumie, mwanangu. Usimkimbie mtu mbaya. Mkimbie mtu mtupu. "Kijana Mwenye Kisu" hakumuumiza bibi kwa sababu aliua. Katika hadithi watu huuawa tangu zamani. Alimuumiza kwa sababu hapakuwa na chochote ndani yake isipokuwa sura yako. Mwandishi hakumpa jina, wala mama, wala neno la kusema, wala sababu. Mahali palipo wazi namna hiyo mtazamaji hupajaza kwa alichonacho moyoni, na bibi alipajaza kwa hofu yake. Mtazamaji mwingine wa Kiingereza, asiyekufahamu, amepajaza kwa jambo baya zaidi: amekwenda kulala akiamini kwamba kijana mweusi kwenye ngazi ni kisu.

Sikulaumu kwa kuzipokea kazi hizo tatu. Ulikuwa unaanza, na mtu anayebeba boksi hana aibu ya pesa ya halali. Lakini sasa unaitwa kwa mara ya nne, na safari hii una la kuuliza.

Mwombe wakala mswada mzima wa sehemu zote nne, usikubali kurasa zako peke yake. Usome usiku mama akiwa kazini, nyumba imetulia, na ujiulize mambo matatu. Kwanza, kabla ya kushika silaha, mtu huyu anataka nini? Kila mtu anataka kitu: kulala bila hofu, kuogopwa, kumnunulia mdogo wake viatu. Kama mswada haukuambii, angalia kama unakuachia nafasi ya wewe kukijua. Pili, kuna mtu anayezungumza naye bila kumtisha? Jambazi asiye na hata mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa sauti ya chini ni kinyago. Tatu, ukimfuta, hadithi inapoteza mtu au inapoteza kitisho tu?

Majibu yakiwa mazuri, nenda kwenye usaili kwa moyo wako wote, mcheze mpaka waogope, wala usiombe radhi kwa yeyote. Majibu yakiwa nusu kwa nusu, nenda, na ukipewa nafasi uwaulize kwa adabu: huyu ana umri gani, analala wapi, nani anamwita kwa jina gani. Mwongozaji mzuri hufurahia maswali hayo. Asiyeyataka amekuonyesha mapema kazi itakavyokuwa. Majibu yakiwa hapana, hapana, hapana, mshukuru wakala, mwambie kwa maneno machache unatafuta watu wa aina gani, na uendelee na ghala lako kwa muda. Kukataa uhusika mmoja kwa heshima hakufungi milango yote. Na chochote utakachosaini, kama bado hujajiunga na Equity, chama cha waigizaji hapa Uingereza, jiunge; mkataba wako usomwe na mtu anayejua kuusoma.

Najua utasema: Shangazi, Kaluuya ana uwezo wa kuchagua, mimi sina. Hapo nataka utazame alivyoupata. Aliandika igizo lake la kwanza akiwa na miaka tisa, likaonyeshwa Hampstead Theatre. Alipita Islington kwa mwalimu Anna Scher, aliyeanzisha darasa lake mwaka 1968 na kufundisha watoto wa mitaa ya kawaida kuigiza kwa kubuni papo hapo, bila mswada. Fikiria maana yake: mtoto aliyezoezwa hivyo hangojei mwandishi ampe mtu; analeta mtu mwenyewe. Tamthilia ya *Skins* ilipoanza mwaka 2007, alikuwa mwigizaji mdogo ndani yake, lakini pia alikuwa mmoja wa waandishi wake. Mwaka 2010 alipanda ulingoni Royal Court katika *Sucker Punch*, igizo la Roy Williams, akiwa bondia kijana wa London ya miaka ya themanini, na wakosoaji wakampa tuzo za chipukizi. Hata baada ya hayo kazi ilimkauka, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya *Get Out* alikuwa amekata tamaa ya kuigiza.

Tena haishii hapo. Katika *Nope*, mwaka 2022, ni mfuga farasi mwenye maneno machache, anayeokoka kwa sababu anajua lini ainamishe macho. Mwaka 2023 alitoa sauti tu, hakuonekana: Hobie, Spider-Man wa London mwenye gitaa, na sauti yenyewe ni ya Camden kwao. Kisha akakaa upande wa pili wa kamera, akashiriki kuandika, na pamoja na Kibwe Tavares akaongoza, filamu ya *The Kitchen*, kuhusu mtaa wa mwisho wa nyumba za kaunsili katika London ijayo. Vijana wa mtaani wamo, wizi umo, polisi wamo. Na wanaobeba hadithi wana majina.

Kwa hiyo nunua daftari. Yule kijana wa ngazini uliyemcheza kwa sekunde zisizofika kumi, mwandikie kurasa kumi. Mpe jina. Mpe bibi. Huenda hakuna atakayezinunua kurasa hizo, lakini utakapoingia kwenye chumba cha usaili, yule utakayeingia naye atakuwa amekwisha kaa nawe. Na ukitaka mfano wa mwanamke wa kwetu, tazama *Us* ya mwaka 2019: Lupita Nyong'o ni mama anayeokoa watoto wake, na Lupita huyohuyo ni kiumbe aliyetoka chini ya ardhi kuja kuwaua. Uso mmoja, na mwisho wa filamu hujui umhurumie yupi. Kazi hiyo huanza kwa kumjua kila mmoja wao kabla hajasema.

Sasa turudi kwa bibi.

Usimtumie kiungo cha Kaluuya. Usimtumie picha ya tuzo wala usimweleze kuwa ulikuwa kazini. Maelezo ya namna hiyo kwa mtu mzima mwenye hofu ni kama kumjibu. Mpate kwanza mkubwa wa kutangulia, mjomba au jirani anayeheshimika hapo Ngamiani, akae naye baada ya alasiri, amwambie: kijana wako ni mzima, anakwenda kazini, hana kesi, na anakulilia. Siku ya pili mama apige, na simu akupe wewe. Umwamkie. Kisha mwombe radhi kwa kumtisha. Kazi yenyewe usiitaje bado. Mwache aseme yote, na asipokuwa na la kusema, nyamazeni pamoja kwenye simu. Mmefika mbali kwa hiyo tu.

Moyo ukitulia, mkumbushe mtu wa kwenu, King Majuto. Mtaani kwenu nani hakumcheka yule mzee bahili, mkorofi, mwenye hila katika filamu zake? Na alipofariki Agosti 2018, nani pale Tanga alisema amekufa bahili? Walimlilia Amri Athumani, mtu wao. Bibi alijua tofauti hiyo zamani, bila kufundishwa.

Halafu mwombe jambo moja. Mwambie: bibi, nisimulie ile hadithi ya msichana aliyerudi ufukweni kuchukua simbi lake, zimwi likamtia ndani ya ngoma. Ninaamini alikusimulia, kwa sababu watoto wa pwani wachache mno waliopona kusimuliwa. Akikataa, mwambie "hadithi hadithi" mwenyewe, usubiri. Mwanamke aliyeanza kukulea kwa hadithi hatavumilia kuiacha ikining'inia.

Na atakapofika pale zimwi linapozungumza, sikiliza. Bibi yako, mwanamke wa sala tano, atainenepesha sauti, atakoroma, atadai chakula kijijini, na wewe utarudi kuwa mtoto wa miaka mitano uliyefunika kichwa kwa shuka. Hakuna mtu Ngamiani aliyewahi kusema kwamba bibi yako anakula watoto. Sikiliza pia kwamba zimwi lake halikuwa tupu. Lilikuwa na njaa, lilichoka njiani, lilipenda kusikia wimbo wa yule binti ngomani. Nani alimfundisha kulipatia zimwi njaa? Muulize hivyo, kwa maneno hayo. Muulize alikuwa analifikiria nini kabla ya kufungua kinywa.

Atakachokujibu kiandike kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, kabla hujauendea usaili huo.